Simba wa Mlango wa Nyuma

Juzi nilikuwa sokoni Kitale nikichagua viazi, mvua ikaja ghafla kama kawaida yake, na mama muuzaji akafunika mali yake kwa gunia. Gunia likalowa, na harufu yake ikapanda: katani mbichi, vumbi la mahindi, na kitu cha tatu kama mbuzi aliyekasirika. Nikabaki nimesimama na kiazi mkononi.

"Mwalimu, unanunua ama unakiombea?" mama yule akaniuliza.

Nikanunua. Nyinyi wa rika langu mliosafiri utotoni kabla ya lami hamhitaji kuelezwa kilichonipata. Kuna waliohifadhi utoto wao katika harufu ya maua ya kahawa, ama ya mkate unaotoka jikoni. Wangu umo ndani ya gunia lililolowa, na kwa miaka mingi nimekuwa nikitafuta mtu wa kumlaumu.

Gunia lenyewe lilikuwa pazia. Lilining'inia ndani ya gari la baba yangu, gari kuukuu lenye boksi la mbao nyuma, alilonunua kwa mkulima mmoja wa kizungu aliyekuwa amechoshwa nalo. Mbele palikuwa na kiti kimoja kirefu. Nyuma, ndani ya boksi lisilo na dirisha, palikuwa na mabenchi mawili ya kuumiza, na mlango wa nyuma ulikuwa wavu wa waya tu, kwa sababu huyo mzungu alikuwa akilitumia kubebea mbwa wake wa kuwindia. Kati ya mbele na nyuma palikuwa na nafasi ya mtu kupenyeza kichwa, na hapo ndipo gunia lilipotundikwa. Upande wa huku alikaa Baba na usukani wake. Upande wa kule alikaa Kukhu, mama mzazi wa mama yangu. Katikati, kichwa huku na miguu kule, niliwekwa mimi.

Wa kwetu wameshaelewa. Kwa wengine nitaeleza: kwetu Bungoma mwanamume na mama mkwe wake wana soni. Hawatazamani usoni, hawali pamoja, hawasemezani, hawapeani mkono. Wakikutana njiani mmoja huingia kichakani, na mara nyingi wote wawili huingia, kila mmoja upande wake, njia ikabaki tupu kama imepitiwa na nyuki. Ukristo ulitukuta hivyo, ukatuvalisha tai na viatu, lakini soni ukaiacha ilipokuwa. Mimi sikuwa nimeelezwa lolote. Wakubwa wa wakati ule hawakuwa na tabia ya kuelezana na watoto. Nilichoona ni watu wawili wanaokimbiana, na kwa akili yangu nikaamua kwamba wanachukiana vikali. Pengine mmoja aliwahi kumwibia mwenzake kuku.

Sasa, nani mwenye akili timamu huwachukua watu wa namna hiyo akawafungia ndani ya gari moja kutoka Kimilili hadi Tsavo?

Sababu ilikuwa kaka yangu Wafula. Agosti ile alikuwa anaingia jandoni. Kijana wa kwetu anayetaka kutahiriwa huwaalika jamaa zake yeye mwenyewe, kwa kuwachezea mlangoni akipiga chinyimba, zile kengele za chuma zinazogongwa kwenye vikuku vya mkononi. Mlango mkubwa kuliko yote ni wa mjomba, ndugu ya mama. Mjomba humchinjia fahali, akamvika shingoni kipande cha nyama ya kidari kinachoitwa luliki, akamtandika kofi, akamtukana kidogo, kisha akamrudisha kwao akiwa na ruhusa ya kuwa mwanamume. Kijana asiye na luliki huonekana njia nzima kuwa mama yake hana kwao.

Mjomba tuliyekuwa naye alikuwa mmoja tu, Wekesa, mwana wa pekee wa kiume wa Kukhu, na alikuwa askari wa wanyama katika mbuga ya Tsavo, ambako hakuna mtu wa Kimilili aliyewahi kuchezea chinyimba. Alikuwa ametuma salamu kwa mtu wa reli: hatakuja. Hakusema kwa nini. Wafula aliacha kula, jambo ambalo nyumbani kwetu lilihesabiwa kuwa msiba.

Baba naye alikuwa na ugonjwa wake. Alikuwa karani wa serikali Kitale, na kila Agosti aliwatazama wazungu wakipakia mahema na kreti za soda, wakienda kuangalia wanyama. Yeye alikuwa hajawahi kumwona simba, na jambo hilo lilimuuma kama jino. Alipopata habari kwamba Nairobi kuna mbuga ambayo mtu huingia na gari lake, akaona Mungu amejibu maombi mawili kwa petroli moja.

"Twaenda matembezi ya mbuga," akatangaza. "Kama watu. Nairobi kwanza, halafu Tsavo kwa Wekesa."

"Watu gani hao?" Mama akauliza. "Babu zangu waliwakimbia hao wanyama mpaka wakafika mlimani. Wewe sasa unawafuata?"

"Hii ni elimu kwa watoto."

"Na mama yangu?"

Hapo Baba akakohoa. Ilikuwa wazi kwamba bila Kukhu hakuna wa kumkemea Wekesa akakemeka. Ndipo gunia likatafutwa.

Kumpakia Kukhu ilikuwa kazi ya asubuhi nzima. Tulipofika kwake Kimilili, Baba alisimamisha gari, akashuka, akaingia ndani ya mahindi akatupa mgongo. Mama akapaza sauti: "Bado!" Kukhu akatoka nyumbani na kikapu, ndizi, Biblia, na jogoo ambaye Mama alimlazimisha kumwacha. "Bado!" Akapanda, akashuka kufunga mlango wa nyumba, akapanda. "Bado!" Akakumbuka miwani. Mwishowe Mama akaita, "Tayari!" na Baba akatoka kwenye mahindi akiwa na umande hadi kiunoni, akaingia garini kama mtu aliyetoka kuswaga ng'ombe. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kila kituo, Eldoret, Nakuru, kila penye kichaka cha kujisaidia. Baba alishuka kwanza akapotea, Kukhu akashuka, Kukhu akapanda, Baba akarudi. Tuliposhuka bondeni Naivasha pasipo na kichaka hata kimoja cha maana, alilazimika kusimama nyuma ya nguzo ya simu, na Baba hakuwa mwembamba.

Kioo cha kutazamia nyuma alikigeuza kikatazama paa, kwa kuwa Kukhu alionekana ndani yake. Malori yalitupigia honi mpaka yakachoka.

Mazungumzo nayo yalipitia kwangu.

"Nasimiyu," Baba alisema bila kugeuka, "uliza huko nyuma kama kuna anayeona baridi."

Nikapenyeza kichwa kwenye gunia. "Kukhu, Baba anauliza..."

"Nimesikia, mimi si kiziwi. Mwambie huko mbele, huku hakuna baridi. Lakini vumbi lipo."

Nikarudisha kichwa mbele. "Baba, Kukhu anasema..."

"Nimesikia."

"Si basi mkisikiana mimi ni wa nini?"

Mama alicheka bila furaha. "Ati wa nini? Mimi nimefanya hiyo kazi tangu niolewe, mtoto wangu. Zoea."

Nyuma huko, Wafula alifanya mazoezi ya chinyimba. Kukhu akaimba nyimbo za kanisa ili kumzidi sauti. Wafula akaongeza mkono. Gunia, ambalo mvua ya Timboroa ilikuwa imelilowesha vizuri, likanipapasa mashavu kila tulipoingia shimoni. Nawaambieni ukweli, sijawahi kufurahia likizo tangu wakati ule.

Katika lango la mbuga ya Nairobi askari aliinama akachungulia: Baba na tai yake, mtoto aliyetoa kichwa kwenye gunia, bibi kizee na ndizi, kijana na kengele.

"Hii ni harusi ama ni nini?"

"Ni matembezi," Baba akasema kwa heshima.

"Hata sisi hatujui, bana," Mama akasema.

"Haya. Hakuna kushuka. Hata kidogo. Na hizo kengele zinyamaze, simba hawapendi."

Baba aliendesha taratibu kama anayebeba mayai. Baada ya muda mrefu wa nyasi na swala wasiojali, tukaona magari mawili ya wazungu yamesimama mbele, watu wake wameinua darubini kuelekea kwenye mti mmoja wa miiba. Baba akashika usukani kwa mikono miwili.  Mti ulikuwa bado mbali na nyasi zilikuwa ndefu, lakini kila mtu garini alijua kuna nini chini yake.

Kisha akafanya jambo ambalo nilibaki nalo moyoni kwa miaka. Kabla hatujafika, akakata usukani, akaligeuza gari zima, akaanza kurudi kinyumenyume. Alitoa kichwa dirishani, akitazama gurudumu tu, asitazame penginepo, akaenda nyuma, nyuma, nyuma, mpaka ule mlango wa waya ukawa karibu kabisa na mti. Akazima injini. Akatazama mbele yake, ambako hapakuwa na kitu isipokuwa nyasi na vilima.

Kutoka nyuma nikasikia Kukhu akisema polepole, "Yesu wangu."

Nikapenyeza kichwa. Walikuwepo, wamelala kama magunia ya mahindi yaliyomwagwa, na yule mkubwa alikuwa ameinua kichwa akimtazama Kukhu. Kati yao palikuwa na waya wa kuzuia mbwa, basi. Mimi nikaunganisha niliyoyajua. Watu hawa wawili wanachukiana. Mmoja ana usukani. Mmoja yuko nyuma, upande wa simba.

"Baba!" nikapiga kelele. "Usimpe Kukhu! Usimpe!"

Mama alinifinya mpaka nikaona nyota. Baba hakugeuka.

"Wako wangapi?" akaninong'oneza.

"Wengi."

"Kuna dume? Ana nywele shingoni?"

"Anazo."

"Anafanya nini?"

"Anaangalia Kukhu."

"Macho yake yakoje?"

"Si ugeuke uone, Baba!"

Nikafinywa tena. Hakuweza kugeuka. Mama mkwe wake alikuwa ameketi kati yake na simba wote wa dunia hii, na kushuka hakuruhusiwi. Nilimsikia akipumua. Alingoja. Kwa kweli alikuwa na haki ya kusogea mbele akaligeuza gari, apate zamu yake, na nadhani alikuwa anakaribia kufanya hivyo Kukhu aliposema, "Nasimiyu, mwambie huko mbele asiondoke kwanza. Sijamaliza."

Basi akangoja amalize. Na alipokuwa karibu kumaliza, Wafula akahamisha mguu uliokufa ganzi, na chinyimba zikaanguka sakafuni kwa kishindo cha sufuria ya harusi. Simba wakasimama wote kwa pamoja, wakaondoka zao wakiwa wameudhika. Baba aliwasha gari, akaligeuza kwa haraka kuliko nilivyowahi kumwona akifanya lolote. Alichokipata ni nyasi zilizolala.

"Wameenda," Mama akasema.

"Naona," Baba akasema.

Ilikuwa hivyo hivyo kwa twiga, na kwa vifaru, na kesho yake kwa ndovu wekundu wa Tsavo. Tulizunguka mbuga mbili za nchi hii makalio mbele, wazungu wakitupisha na kutushangaa. Chuoni, miaka mingi baadaye, niliandika insha ndefu juu ya mila za kukwepana, yenye tanbihi chini ya kila ukurasa, nikapewa alama nzuri. Hakuna sentensi moja ndani yake iliyojua kwamba mwanamume anaweza kumpa mama mkwe wake simba, na asiweze kumpa mkono.

Tulifika kambini kwa Mjomba Wekesa tukiwa rangi moja na barabara. Palikuwa na vibanda vya bati juu ya kilima, na askari wachache wakifua nguo. Baba alishuka kwanza, akaenda mbele ya gari akatazama mlima. Wafula akavaa vikuku vyake, akasogea mlangoni, akaanza. Namkubali kaka yangu siku ile: alicheza kama vile Kimilili yote ilikuwa nyuma yake ikimwitikia. Askari wakaacha nguo, wakaja wakipiga makofi bila kujua ni ya nini. Mjomba akatoka. Alikuwa mrefu, na kofia pana, na uso wa mtu aliyeletewa kesi.

"Nyamaza," akasema.

Kengele zikanyamaza.

"Si nilisema msije?"

Kukhu alikuwa ameshashuka. "Unaniamkia hivyo wewe?"

Akavua kofia. "Mulembe, mama."

"Mulembe. Mtoto wa dada yako amekupigia kengele. Kuna ndume ama hakuna?"

"Hakuna."

"Miaka yote hii unachunga nini huku?"

"Ndovu, mama. Na nyati."

"Wangapi?"

"Hawahesabiki."

"Na hakuna hata mmoja wako."

Askari walicheka. Mjomba akatazama viatu vyake. Ndipo akasema kile ambacho hakumwambia mtu wa reli: ng'ombe wa baba yake walikufa wote kwa ugonjwa, na yeye tangu hapo hajaweza kuinua hata ndama. "Nije mikono mitupu, mama? Nisimame mbele ya watu nimvike kijana nini, shati? Nitaimbwa mpaka Lwakhakha. Afadhali waseme mjomba yuko mbali kuliko waseme mjomba ni maskini."

Wafula alikuwa amegeukia upande akijifanya anakaza vikuku. Mabega yake yalitetemeka. Mama alimshika, akamwachia haraka, kwa sababu kijana wa jando habembelezwi. Kila mtu alijua pia kwamba Baba hawezi kuokoa jambo lile kwa ng'ombe wake mwenyewe. Luliki hutoka kwa upande wa mama; mtoto havikwi shingoni nyama ya kwao.

Baba akakohoa, huko mbele ya gari.

"Nasimiyu."

Nikaenda.

"Mwambie kukhu yako," akasema, macho kwenye mlima, "kuna ndume wangu Cheptais, kwa binamu yangu. Ni wake. Ni ndume wa soni. Mwambie nimechelewa naye."

Mama alisikia. Sote tulisikia. Kwetu mkwe anaweza kumtolea mama mkwe ng'ombe wa kuondoa soni, na kuanzia hapo wakaamkiana kama watu. Mama mkwe haombi. Kuomba kwenyewe ni soni. Na yule fahali alikuwa ameshageuzwa mabati zamani katika ndoto za Mama, mabati ya nyumba yetu iliyokuwa ikivuja kila pembe.

"Baba Wafula," akasema taratibu. "Na mabati?"

"Mvua haikuanza leo kutunyeshea."

 Mama akaniashiria niende. Fahali akiwa wa Kukhu, mwana wa Kukhu anaweza kumchinja, na nyama ikatoka panapostahili. Hata mimi, mjinga wa kuku walioibwa, niliona hesabu ikikamilika. Nikazunguka gari, nikasema ujumbe wangu wote tangu mwanzo, neno kwa neno, kwa mtu aliyekuwa ameshausikia.

Kukhu hakuniambia kwamba amesikia. Alirekebisha kitambaa chake kichwani. "Mwambie nimepokea," akasema.

Nikazunguka tena. Na Baba, ambaye safari nzima alinikatiza kabla sijamaliza, alinisubiri nifike, akainama, akaniacha niseme.

Mjomba alirudi kibandani, tukadhani ametukataa. Alitoka na sanduku la bati. "Ngoja niombe ruhusa kwa bwana mkubwa," akasema. "Na hizo kengele, mpwa wangu, pumzisha kwanza. Utanifukuzia kazi yote."

Sitawasimulia njia ya kurudi. Mjomba alikoroma, Kukhu aliimba, na fahali akiwa bado hajakabidhiwa, gunia lilibaki mahali pake na mimi mahali pangu.

Siku ya kumkabidhi, ua wa Kukhu pale Kimilili ulijaa. Nilikuwa nimesimama mbele kabisa, nikingoja wale maadui wawili wapatane. Nilitegemea machozi. Nilitegemea hotuba, na pengine habari za yule kuku. Baba alikuja akiwa amevaa tai, ameshika kamba, na fahali nyuma yake. Kukhu alisimama mlangoni.  Baba akanyoosha kamba, Kukhu akaipokea, na wakatazamana, kwa mara ya kwanza tangu Mama aolewe. Niliona Baba akiutazama uso wake wote kwa makini, kama mtu anayesoma.

Kukhu naye akamtazama fahali. Akaanzia kwenye pembe, akashuka mbavuni, akamaliza mkiani.

"Mkwe wangu," akasema, "huyu ndume amekonda."

 Mama aliziba macho. Baba akafuta paji la uso kwa leso yake ya ofisini.

"Amekonda kwa kungojea, mama."

Kukhu aliachia kicheko ambacho sikujua anacho, kicheko cha mtu mkubwa aliyebanwa kwa miaka, akamshika Baba mkono na kuutikisa mpaka tai ikahama. Watu wakashangilia. Mjomba Wekesa akaichukua kamba kutoka kwa mama yake, akakunja mikono ya shati.

Kofi alilomtandika Wafula alasiri ile lilisikika barabarani, na matusi yake siwezi kuyaandika hapa. Wafula hakupepesa jicho. Aliinamisha kichwa tu, akavikwa. Nyama ilikuwa kidogo, hilo ni kweli, lakini shingo ilikuwa moja, na ikatosha.